Mshipa upi?

Mgumu, yaani mpagazi, aliyeshuka Kilimanjaro na mzigo hufika Moshi akasema, "Paja limekufa ganzi, nadhani mshipa umebana." Anaeleweka, lakini mshipa ni neno la kazi nyingi mno: kuna wa damu, kuna wa fahamu, na mtu wa pwani akisema ana mshipa huenda anaumwa ngiri. Ndiyo maana matabibu wakaazima neva. Sina ugomvi nalo, ingawa "mshipa wa fahamu" unajieleza wenyewe.

Kwa daktari, ganzi ndilo neno lenye faida. Atauliza iko wapi. Ikiwa upande wa nje wa paja tu, panawaka kama pamepakwa pilipili na goti lina nguvu zake, atashuku neva ya ngozi inayopita kinenani, karibu na ncha ya mfupa wa nyonga. Mkanda wa begi uliokazwa kiunoni, suruali ya kubana, ujauzito au unene huweza kuibana. Atagusa kwa pamba, atadunga kidogo kwa pini, atagonga chini ya goti kwa nyundo ya mpira. Mguu usiporuka, na goti likilegea kwenye ngazi, shaka huhamia kwenye neva kubwa ya mbele ya paja, au mizizi yake mgongoni. Huko ni kuelekea kupooza, neno ambalo wengi hulichanganya na ganzi.

Basi ukifika hospitali ya KCMC, usiseme "mshipa" ukanyamaza. Onyesha kwa kidole panapokufa ganzi, na useme kama mguu unaishiwa nguvu.