Mkimbiajua

"Mdudu" ni neno lenye tumbo kubwa. Tumelijaza mchwa, nge, kupe, vimelea vya maradhi, hata saratani. Mwanabiolojia hulibana: kwake mdudu ni mwenye miguu sita. Halafu anatokea kiumbe wa udongoni wa familia ya Japygidae, mwenye miguu sita kamili, na wataalamu wengi bado wanamtoa nje kwa sababu viungo vya mdomo wake vimefichika ndani ya kichwa. Huyu tumwiteje?

"Kidudu kipofu"? Siafiki. Kipofu hutoka katika jamii inayoona. Huyu ukoo wake mzima hauna macho, na mabawa pia hauna. Kumwita kipofu ni kumsikitikia bure.

"Utitiri" nalo lina wenyewe, wale wasumbufu wa banda la kuku. Tena siku hizi limegeuka kipimo cha wingi: utitiri wa vyama, utitiri wa kodi.

Nimesema "ukoo" na nusura nijutie. Ukilitamka Tarbaj, kule Wajir, linakuja na visima, malisho na kura. Katika uainishaji heri "familia", au "aila" kwa wanaopenda ladha ya pwani.

Wasomali wa huko humwita nge dibqallooc, yaani mkia uliopinda. Hilo ndilo jina! Wetu naye ana koleo gumu mkiani, la kukamatia mawindo, kwa hiyo "mkiakoleo" lingependeza. Ila yuko mdudu mwingine mwenye koleo la namna hiyo, naye ana macho na mara nyingi mabawa. Jina moja likivaliwa na wawili, kamusi itapata kesi.

Tugeukie jina la jenasi, Japyx, lililozaa "Japygidae". Asili yake ni upepo, ule uliowavumia Wagiriki kutoka Iapygia, kusini mwa Italia. Ni sawa na kumbatiza Kusi kiumbe anayeishi chini ya mawe. Lakini Alexander Haliday wa Ireland, alipolitoa jina hilo mwaka 1864, aliliongezea la spishi: solifugus, mwenye kulikimbia jua. Hapo alilenga.

Basi "mkimbiajua". Mtindo tunao tangu zamani, kitenzi kushikana na nomino, kama vunjajungu. Wingi wake hauna ubishi: wakimbiajua. Na Tarbaj, jilaal, yaani kiangazi, ikiwa imekomaa mwezi Februari, nani atauliza kwa nini kiumbe alikimbie jua? "Mkimbizi wa jua" nimelikwepa kwa makusudi. Kambi ya Dadaab iko kaunti ya jirani, na neno hilo lina watu ndani yake.

Walimu wa biolojia wa Wajir, lijaribuni darasani kabla halijafika kwenye kamusi. Mwanafunzi akileta lililo bora, lifuteni langu.