Nani Aliwafundisha Mameneja wa Ngano ya Hanang?

Katika mitaala ya uongozi wa biashara inayofundishwa vyuoni mwetu, mwanafunzi hukutana na viwanda vya magari vya Japani na kampuni za kompyuta za Marekani muda mrefu kabla ya kukutana na shirika lolote la Tanzania. Akihitimu, anaweza kueleza kwa ufasaha jinsi Toyota inavyopunguza upotevu kiwandani, lakini ukimuuliza NAFCO ilikuwa nini, atakukodolea macho. Sina ugomvi na Toyota. Ninachosikitikia ni kwamba nchi hii iliwahi kufanya jaribio kubwa la kuzalisha viongozi wa biashara karibu kutoka patupu, ikalilipia kwa fedha nyingi na kwa ardhi ya watu, kisha ikalifungia kabatini pamoja na majalada ya mashirika yaliyokufa. Anayetaka kujua tuandae vipi viongozi wa biashara wa kesho aanzie kwenye kabati hilo, na jalada moja ndani yake linahusu nyanda za Basotu, si mbali na Balangdalalu, Wilaya ya Hanang.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Mwaka 1961 Watanganyika wenye shahada walikuwa wachache mno, na biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa makampuni ya kigeni na wafanyabiashara wa Kiasia. Miaka sita baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Mabenki, bima na viwanda vikubwa vikawa mali ya umma. Kwa lugha ya leo, serikali ilijikuta inamiliki makampuni mengi pasipo kuwa na mameneja. Ndipo ikaanza harakati ya kuwatengeneza. Chuo cha Ushirika Moshi kilikuwapo tangu 1963. Mzumbe, palipokuwa na shule iliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1953 kuwafunza machifu na makarani wao, pakageuzwa mwaka 1972 kuwa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, yaani IDM. Mwaka huohuo Dar es Salaam ikapata Chuo cha Usimamizi wa Fedha. ESAMI ikafuata Arusha mwaka 1980. Na katikati ya yote hayo, taifa lililojitangaza kuwa la kijamaa liliikodi McKinsey, kampuni ya ushauri ya mabepari wa Marekani, ije kulipangia muundo wa mashirika yake na wa madaraka mikoani. Mwalimu Nyerere hakuona kinaya chochote hapo, au kama alikiona alikivumilia.

Jambo moja katika mpango huo halizungumzwi vya kutosha. Masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio yalimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Nia ilikuwa njema, na ninapotazama baadhi ya mambo ya leo huyatamani masharti hayo. Lakini matokeo yake kwa mafunzo ya uongozi yalikuwa ya ajabu: tulifundisha kizazi kizima cha viongozi wa biashara ambao hawakuruhusiwa kufanya biashara. Meneja hakuweka shilingi yake hatarini. Hakuchaguliwa na wanunuzi wake, wala na wafanyakazi wake, wala na majirani wa shamba lake. Aliteuliwa kutoka juu na alijibu juu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliligundua tatizo hilo na kuwakemea viongozi wenye kiburi na ubabe, na wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam waliuchukulia maneno yake kwa uzito kuliko walivyotarajia wakubwa. Wakagoma, na kiwandani Mount Carmel mwaka 1973 wakajaribu hata kuendesha kiwanda wenyewe. Waliondolewa. Baada ya hapo Mwongozo ulibaki kuwa andiko la kunukuliwa kwenye sherehe.

Mjini, angalau, aliyeonewa aliweza kufunga mashine. Hanang mambo yalikuwa mengine.

Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilianzishwa mwaka 1969 kuendesha mashamba makubwa ya serikali. Katika nyanda za Basotu, chini ya Mlima Hanang, lilishirikiana na serikali ya Kanada kulima ngano kwa mtindo wa nyika za Kanada magharibi: matrekta makubwa, kombaini, mbegu zilizofanyiwa utafiti katika kituo cha Selian kule Arusha, na nguvu kazi ndogo. Lilianza shamba la Basotu, hatimaye yakawa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Warret, kila moja likiwa na takriban ekari 10,000. Wakanada walifundisha. Vijana wa Kitanzania walipelekwa kwao kusoma kilimo, ufundi wa mitambo na usimamizi, wakarudi kushika nafasi za wageni. Kama kipimo chetu cha kuandaa viongozi ni kumpata mzalendo anayeweza kupanga ratiba ya kupanda maelfu ya ekari, kutunza kumbukumbu za vipuri na kuvuna kabla mvua haijaharibu, basi mradi ule ulifaulu. Sisemi hivyo kwa kejeli. Wapo watu waliolala kwenye kombaini usiku ili taifa lipate mkate, na hadithi yao haijaandikwa inavyostahili.

Lakini nyanda zile hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga, wafugaji ambao majirani zao waliwaita Wamang'ati, jina ambalo wao wenyewe hawalipendi. Wenyewe waliyaita malisho yale ya tambarare muhajega, nyasi bora kuliko zote walizokuwa nazo. Hawakukaa humo mwaka mzima. Mifugo iliingia wakati wa mvua, maji yakiwa bado yamesimama kwenye madimbwi, kisha ikaondoka kuelekea mitoni, milimani na kando ya maziwa ya magadi kama Balangida, ili muhajega ipumzike na kuota tena. Mpimaji ardhi akifika kiangazi, aliona uwanda usio na mtu. Kilichoitwa ardhi isiyotumika kilikuwa ardhi iliyopumzishwa.

Nani alisimamia mapumziko hayo? Hapa ndipo historia ya Hanang inapomhusu kila anayefundisha uongozi. Wabarabaig walikuwa na mabaraza ya namna mbalimbali. Mkutano wa hadhara, getabaraku, ulijadili mambo ya wote kama malisho, maji na ugomvi kati ya koo, na mzungumzaji alipimwa kwa uwezo wa kuwasikiliza waliomtangulia kabla ya kutoa lake. Wanawake walikuwa na baraza lao, girgwageda gademga, lenye mamlaka ya kumtoza faini mwanamume aliyewakosea; mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi nao na kuandika habari zao, alilieleza kwa kirefu, na wasomaji wake wa Ulaya na Marekani walishangaa. Kijana hakupewa shahada ya uongozi. Alikaa pembeni ya mkutano miaka mingi, akisikia kesi za ng'ombe na za visima, hadi siku ambayo neno lake lilianza kuhesabiwa. Kundi la ng'ombe ni mtaji unaozaa, unaokufa kwa ukame, unaokopeshwa kwa marafiki walio mbali ili hasara isimwangukie mtu mmoja. Sijui tuite nini elimu ya kutunza mtaji wa namna hiyo kama si elimu ya biashara.

Nisieleweke kwamba ninapamba mila. Mabaraza yale yalikuwa na ubabe wake wa wazee juu ya vijana, na Wabarabaig wa enzi hizo hawakuwa na uhusiano mwepesi na majirani zao Wairaqw na Wanyaturu. Hata miongoni mwa Wairaqw, huko Karatu, walikuwapo wakulima walioanza kulima ngano kwa matrekta ya kukodi tangu miaka ya 1950, kwa fedha zao na kwa hatari yao, kabla shirika lolote la umma halijafika. Nao hawakuwa malaika. Waliopata trekta walipata ardhi, na waliokosa walibaki vibarua. Ninachosema ni kwamba wilaya za Mbulu na Hanang zilikuwa na shule zaidi ya moja za uongozi wa mali, na mameneja waliotoka mafunzoni Kanada hawakupita katika yoyote kati ya hizo.

Matokeo yalijitokeza mapema. Njia za ng'ombe zilizibwa. Waliokatiza shambani kwenda kwenye maji walikamatwa kuwa wavamizi. Makaburi ya heshima, bung'eda, ambayo Wabarabaig huwajengea wazee waliotukuka kwa sherehe za miezi mingi, yalipitiwa na jembe la trekta. Udongo ulioachwa wazi kila baada ya mavuno ulichukuliwa na mvua, makorongo yakaanza kuchimbika. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi maeneo hayo katika miaka ya 1980, ameyaandika haya kwa undani, na yeyote anayedhani ninatia chumvi amsome.

Wanakijiji wa Mulbadaw walifanya jambo ambalo sisi watumishi wa umma huwashauri wananchi kila siku: walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu Arusha iliwapa ushindi. NAFCO ikakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba kijiji hakikuthibitisha kuwa kiligawiwa ardhi ile kwa utaratibu wa sheria, na kwamba wadai binafsi hawakuthibitisha wote kuwa wenyeji kwa tafsiri ya Sheria ya Ardhi ya kikoloni. Fikiria Mbarabaig anayetakiwa kuthibitisha uenyeji wake Hanang mbele ya shirika lenye umri wa miaka kumi na sita. Mwaka 1989 wazee waliandika barua ya wazi kwa wananchi wa Kanada, wakiwaeleza kinachofanywa kwa fedha zao. Baada ya wizara, shirika na mahakama, waliona Ottawa iko karibu zaidi kuliko Dodoma.

Swali langu kwa wanafunzi ni hili: je, mameneja wale walikuwa watu wabaya? Jibu langu ni hapana, na ndiyo maana kisa hiki kina thamani. Walifanya kile walichofunzwa. Walipimwa kwa magunia na kwa ekari zilizolimwa. Hakuna safu katika taarifa zao za mwezi iliyouliza ng'ombe wa jirani wanapita wapi. Hata kwa hesabu ya fedha, kipimo kile kilikuwa pungufu: mafuta, vipuri na mitambo vilihitaji fedha za kigeni, na baada ya vita vya Uganda vya 1978–79 fedha hizo zilikuwa adimu kuliko ngano yenyewe. Biashara iliyotegemea vipuri vya Kanada na utiifu wa majirani ilikuwa salama mradi vyote viwili viendelee kupatikana. Katika miaka ya 1990 Kanada ilijiondoa, na muda si mrefu NAFCO ikaingia kwenye orodha ya ubinafsishaji. Mashamba mengine yakapata wawekezaji, mengine yakarudishwa kwa wananchi. Ni historia ya kushangaza kidogo kwamba katika miaka hiyo ya ubinafsishaji Waziri Mkuu, Frederick Sumaye, alikuwa mbunge wa Hanang, na mrithi wake jimboni, Mary Nagu, akaja kuwa Waziri wa Viwanda, Biashara na Masoko. Wilaya haikukosa viongozi wa kitaifa.

Sheria, angalau, ilijifunza. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, mkulima wa Kambi ya Simba katika Mkoa wa Arusha wa wakati ule, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba haki ya kimila ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ikaenda mbali zaidi: ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 haihamishwi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali, na ikizidi hapo Waziri huamua baada ya mkutano huo kutoa maoni yake. Shamba moja la NAFCO lilikuwa na takriban hekta 4,000.

Maana yake kwa kijana wa leo anayesoma uongozi wa biashara ni ya vitendo kabisa. Akitaka kuanzisha kiwanda cha alizeti Balangdalalu, kununua vitunguu saumu Mbulu au kulima ngano Basotu, siku moja atasimama mbele ya mkutano wa kijiji. Hapo hakuna projekta. Wapo wazee wanaokumbuka trekta za NAFCO zilipita wapi, na wapo wanawake wenye kura sawa na ya mwenyekiti. Maarifa ya kuzungumza nao, na zaidi ya kuwasikiliza hadi wamalize, hayapatikani kwa kukariri sura ya kitabu kuhusu wadau. Yanahitaji kijana apelekwe kijijini akae mikutanoni muhula mzima, akiandika nani alisema nini na nani alinyamaza, kama tunavyowapeleka wanafunzi wa uhasibu kwenye mabenki. Nimelipendekeza hilo katika vikao kadhaa vya mitaala. Hujibiwa kwamba bajeti haipo.

Kwa hiyo ninatumia nilichonacho, yaani mtihani. Kila mwaka ninawapa wanafunzi wangu swali hili: umeteuliwa leo kuwa meneja wa shamba jipya Basotu, mwaka ni 1979, mitambo iko njiani, siku ya kwanza unakwenda kwa nani? Wengi huandika wizarani. Wapo wanaoandika benki. Wachache, hasa wanaotoka Hanang na Mbulu, huanza jibu lao kwa kuuliza ni mwezi gani, mvua imeshanyesha au bado.