Gari Kuchemsha: Tarikhi ya Kutafuta Sababu

Mwezi wa Agosti 1888, Bertha Benz alipoondoka Mannheim pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, kwenda Pforzheim kwa gari alilolibuni mumewe Karl, masafa yapata kilomita 106 ambayo hapana aliyewahi kuyakata kwa gari la injini ya petroli, ilidhihirika kwamba joto la mtambo wenyewe lilikuwa adui asiyepungua vilima wala mchanga. Kwani injini ile ilipozwa kwa kuyaacha maji yachemke na kupotea hewani, ikambidi msafiri atafute mengine njia nzima. Katika zama hizo kuchemka kulikuwa ndiyo tabia ya mashine, wala hapakuwa na haja ya kuuliza sababu.

Swali lilizaliwa pale maji yalipofungiwa yazunguke. Wilhelm Maybach, katika gari la Mercedes la 1901, aliweka rejeta ya vijibomba 8,070 vilivyopangwa mfano wa sega la nyuki, hata maji machache yakatosha kupoza injini ya nguvu za farasi 35. Tangu hapo gari lililochemsha lilikuwa na hitilafu, na hitilafu ina mahali pake. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa 1908, isipokuwa yale ya mwanzo kabisa, halikuwa na pampu ya maji: maji ya moto yalipanda yenyewe hadi juu ya rejeta, yakapoa, yakashuka, na yalipopungua chini ya mdomo wa bomba la juu, mzunguko ulikatika. Ndiyo asili ya kanuni ya kwanza ya ilimu hii, nayo haijabatilika hata leo: kabla ya kufungua chochote, tazama kiasi cha maji, kisha utafute yalikokwenda.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lilikuwa zito zaidi, kwa sababu ya miinuko. Maji yachemkayo kwa nyuzi 100 Mombasa, huchemka kwa nyuzi 94 au 95 Nairobi, na Iringa hali ni karibu hiyohiyo; kwa hiyo lori lililotoka pwani salama lilipoteza akiba yake ya joto mahali palepale lilipohitaji nguvu nyingi kuliko pengine pote. Kifuniko cha rejeta chenye springi, kinachozuia mvuke usitoke, kilileta nafuu kubwa, maana maji yakibanwa kwa kanieneo la anga moja zaidi hayachemki mpaka karibu nyuzi 120. Lakini kifuniko hichohicho kiliwaunguza wengi waliokifungua kwa pupa.

Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru kwa upande mmoja tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikalazimika kupitisha mafuta yake na shaba yake katika njia ya Dar es Salaam ambayo sehemu kubwa ilikuwa ya vumbi na matope, malori yalipanda milima ya Iringa kwa gia ndogo, injini ikitoa nguvu zake zote ilhali upepo wa mwendo ni haba. Naamini shule kubwa ya mafundi wetu ilikuwa ni barabara kama hizo, kwa madereva na utingo ambao hawakuwa na kipimo illa macho, pua na kiganja cha mkono.

Walichojifunza ni kuuliza *lini* kabla ya kuuliza *nini*. Gari lichemshalo likisimama katika foleni, likapoa likienda mbio, shaka huelekea feni na mkanda wake. Lichemshalo likienda mbio tu, shaka huelekea rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa, ambayo kiganja huitambua kwa mabaka ya ubaridi katikati ya joto, injini ikiwa imezimwa. Likichemsha muda mfupi baada ya kuwashwa, na bomba la chini bado baridi, thamostati, yaani vali inayofungulia maji ya moto njia ya kwenda kwenye rejeta, imekwama. Na maji yakipungua bila tone kuonekana chini, fundi hufungua kifuniko injini ikiwa baridi, hujaza maji hadi mdomoni, huwasha, kisha hutazama: mapovu yasiyokoma ni hewa ya silinda inayopenya gasketi iliyoungua.

Hapa sina budi kusema dhidi ya desturi iliyoenea, ya kuing'oa thamostati na kuitupa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta na kuchakaa upesi, na maradhi ya asili hubaki yamefichwa. Kuijaribu hakugharimu kitu: huning'inizwa kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, nayo ikiwa nzima hufunguka kabla maji hayajatokota.

Fundi wa rejeta aliyeyeyusha lehemu, akaondoa tangi la juu, akazibua bomba mojamoja kwa ubapa wa chuma, amepungukiwa na kazi tangu rejeta za shaba zilipoachia nafasi zile za alumini zenye matangi ya plastiki. Katika gereji za Gerezani, Dar es Salaam, na Grogan, Nairobi, aghalabu rejeta hutolewa ikanunuliwa nyingine kabla ya yeyote kuuliza gari lilichemsha lini, hata pale ambapo kilichoharibika ni mpira wa kifuniko.