Hewa ya Ardhini katika Maskani ya Boyertown

Katika mwezi wa Desemba mwaka 1984, mhandisi mmoja aitwaye Stanley Watras, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Limerick, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, alikuwa, kila apitapo, akiziliza mashine za kukagua mionzi, zilizowekwa ili mfanyakazi asitoke na taka za kinu mwilini mwake. Na jambo hilo liliwastaajabisha wote, kwa kuwa kinu chenyewe kilikuwa hakijaanza kuzalisha umeme. Siku moja akaazimu kuingia mlangoni na kuiendea mashine papo hapo, kabla hajagusa kazi yoyote. Ikalia vilevile, na hapo ikabainika kwamba madhara hayakutoka kazini kwenda nyumbani, bali yalitoka nyumbani yakaja kazini.

Nyumba yake, iliyokuwa karibu na mji mdogo wa Boyertown, ilipopimwa ilikutwa na radoni, yaani hewa yenye mionzi izalishwayo na urani iliyomo ardhini, ya kadiri ya pikokyuri (kipimo cha mionzi) 2,700 katika kila lita ya hewa, ilhali kiwango ambacho serikali ya Marekani iliwashauri raia baadaye wasikivumilie ni 4 tu. Aila ile ikahama. Ama nyumba ya jirani ilikuwa na kiasi kidogo mno, na mimi naona kwamba hilo ndilo funzo zito kupita yote ya mkasa ule, maana miamba ya ukanda uitwao Reading Prong, upitao Pennsylvania na New Jersey hata New York, haikugawa urani yake kwa usawa, wala nyufa za sakafu hazifanani nyumba kwa nyumba.

Maradhi yaletwayo na radoni, yaani saratani ya mapafu, ni ya kale. Agricola, tabibu aliyekaa katika mji wa machimbo wa Joachimsthal, katika kitabu chake cha mwaka 1556 alisimulia habari za wanawake wa migodi ya Carpathia walioolewa na waume saba, wote wakafishwa na ugonjwa wa mapafu; na mwaka 1879 matabibu Härting na Hesse walithibitisha kuwa wachimbaji wa Schneeberg, huko Saxony, walikuwa wakiuawa na saratani. Hewa yenyewe, isiyo na rangi wala harufu wala ladha, haikutambuliwa ila karibu na mwanzo wa karne ya 20. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni balaa la wachimbaji, kumbe ardhi iliyo chini ya mgodi ndiyo hiyo hiyo iliyo chini ya kitanda cha mtoto.

Wakati wa baridi, milango ikifungwa na moto ukiwashwa, hewa ya joto hupanda darini, na nyumba huvuta pumzi ya udongo kupitia nyufa za chumba cha chini. Dawa yake si ngumu: bomba hupitishwa chini ya sakafu, na feni huitoa hewa ile juu ya paa, na kwa ufundi wa namna hiyo aila ya Watras ilirejea kwake katika mwaka 1985. Kujua ndiko kuliko adimu, japokuwa kipimo chenyewe ni kikopo cha makaa kiachwacho siku chache katika chumba cha chini kabisa kikaliwacho na watu, madirisha yakiwa yamefungwa, kisha kikapelekwa maabara.

Mwaka 1988 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoweka kusudio kwamba hewa ya ndani ya majengo isiwe na radoni zaidi ya hewa ya nje. Lakini sheria hiyo haikumlazimisha mwenye nyumba kupima, na hata leo inakadiriwa kuwa watu wapatao 21,000 nchini humo hufa kila mwaka kwa saratani ya mapafu itokanayo na hewa hiyo.