Jukwaa la Nne: Uwanja wa Trafalgar ulivyorudishwa kwa watu

Familia nyingi za kwetu hapa Ghuba zikenda London msimu wa joto hupita Uwanja wa Trafalgar, hupiga picha na wale simba wanne wa shaba nyeusi, kisha huendelea na njia. Naandika haya ili safari ijayo mkae kidogo zaidi, maana historia ya uwanja ule inatugusa.

Tuanze na jina. Trafalgar ni rasi ya Uhispania ambako Admirali Nelson alipigana mwaka 1805, na asili ya jina hilo ni Kiarabu. Mwanzo wake ni *taraf*, yaani upande au ncha, neno lile lile lililotupa "tarafa" katika Kiswahili.

Mfalme aliyekosa sanamu

Nelson amesimama juu ya nguzo ya karibu mita 52. Kwenye pembe za uwanja kuna majukwaa manne ya mawe. Matatu yana sanamu za Mfalme George IV na majenerali wawili waliopigana India, Napier na Havelock. La nne lilijengwa mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya Mfalme William IV akiwa juu ya farasi, lakini fedha hazikutosha.

William huyo si mgeni kwetu. Ndiye aliyepewa na Sayyid Said bin Sultan, mwaka 1836, manowari ya mizinga 74 iitwayo Liverpool, iliyoundwa Bombay. Waingereza wakaibadilisha jina, wakaiita Imaum. Jukwaa lake lilikaa tupu zaidi ya miaka 150.

Mambo mawili yaliyouamsha uwanja

La kwanza ni barabara. Zamani magari yaliuzunguka uwanja pande zote, na kuufikia kwa miguu ilikuwa taabu. Mwaka 2003 barabara ya upande wa kaskazini, mbele ya jumba la sanaa la National Gallery, ilifungwa, na ngazi pana zikajengwa kushuka uwanjani. Mimi ngazi zile naziita baraza: mtu huketi bila kununua kitu, akatazama wapitao, wala hakuna wa kumuuliza anamngoja nani.

La pili ni lile jukwaa tupu. Tangu 1999 limekuwa likiwekwa kazi za sanaa za muda, kisha hupisha nyingine. Mifano ya kazi zinazopendekezwa huonyeshwa hadharani, na wananchi hutoa maoni yao kabla ya uteuzi. Nakumbusha chache:

- 2009: Antony Gormley aliwapandisha watu wa kawaida 2,400, kila mmoja saa moja, usiku na mchana kwa siku 100.
- 2010: Yinka Shonibare, aliyekulia Nigeria, aliweka meli ya Nelson ndani ya chupa, matanga yake yakiwa ya vitambaa mfano wa vitenge. Baadaye michango ya watu ilisaidia kuinunua, na sasa iko Greenwich.
- 2018: Michael Rakowitz aliunda upya fahali mwenye mbawa wa Ninawi, aliyevunjwa na Daesh mwaka 2015, kwa makopo matupu ya asali ya tende ya Iraq.
- 2022: Samson Kambalu wa Malawi alimsimamisha mhubiri John Chilembwe, aliyeuawa mwaka 1915 baada ya kuongoza uasi dhidi ya ukoloni. Amevaa kofia, jambo ambalo Mwafrika hakuruhusiwa mbele ya mzungu.

Si kila kazi hupendwa, na mabishano hayakosekani. Lakini mtoto wetu aliyemwona Chilembwe mita chache kutoka kwa majenerali wa himaya, aliweza kuelewa kwamba kumbukumbu ya mji haikufungwa.

Funzo kwetu

Tangu 2006 Idd-el-Fitr husherehekewa uwanjani hapo pia. Sherehe hiyo isingewezekana kama magari yangebaki na watu wangekuwa wapita njia tu.

Forodhani, Unguja, ilipokarabatiwa na taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, wachoma mishikaki na wakamua miwa walirudi, na bustani ikabaki ya wote. Kwa hiyo tukisikia Mutrah, Mombasa au Lamu panapambwa upya, tuulize kwanza: mtu asiye na pesa atakaa wapi, na nani mwingine atakumbukwa pale?