Augustino, Anguko la Roma na Mahali pa Tumaini

Tunapohimizwa tusiweke tumaini katika mambo ya dunia, akili hukimbilia fedha, majumba na vyeo. Makala hii inadai kwamba kitu cha kidunia kinachomhadaa muumini kuliko vyote ni kile kinachobeba jina la Mungu. Wachache wamelichambua jambo hili kwa uchungu kama Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba, Algeria.

Agosti 410, Wagothi wakiongozwa na Alaric waliingia Roma, wakaipora kwa siku tatu. Wakimbizi walivuka bahari hadi Afrika Kaskazini. Wafuasi wa miungu ya kale walisema Roma imeadhibiwa kwa kuiasi miungu yake. Lililochoma zaidi, hata hivyo, ni swali la Wakristo wenyewe: imekuwaje mji wenye makaburi ya Petro na Paulo ukaangamia? Swali hilo lilifichua walipokuwa wameegemea. Kwa karibu karne nzima, tangu mfalme Konstantino, walikuwa wamezoea kuiona milki kuwa ngao ya imani. Eusebio wa Kaisaria alikuwa ameusifu utawala wa Konstantino kama kivuli cha utawala wa mbinguni. Ngao ilipotoboka, wengi waliona kana kwamba Mungu mwenyewe ameshindwa.

Jibu la Augustino, Mji wa Mungu, lilianza kuandikwa yapata mwaka 413 na kukamilika yapata 426, likiwa na vitabu 22. Humo anashikilia kwamba kila milki hupita, hata ile ambayo mfalme wake amebatizwa. Amani yake ni njema. Muumini aitumie na kuiombea, kama Yeremia alivyowaagiza mateka wa Babeli, ila asiifanye kikomo cha matarajio yake.

Wako wanaopinga kwamba fundisho la namna hii huwafanya watu wakunje mikono huku dunia ikiungua. Maisha ya Hippo yanawakanusha. Miongoni mwa barua zilizogunduliwa na Johannes Divjak na kuchapishwa mwaka 1981, imo moja ambamo Augustino anamlilia rafiki yake Alipio kuhusu wafanyabiashara wa utumwa waliokuwa wakiwanyakua watu vijijini na kuwapakia melini. Anataka sheria itumike dhidi yao, na anaeleza jinsi waumini wa Hippo walivyowaokoa mateka wapatao 120. Possidius, aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba Augustino aliamuru hata vyombo vitakatifu viyeyushwe ili kuwakomboa mateka na kuwasaidia maskini. Kwangu mimi hapa ndipo hoja inaposimama imara: ni vigumu kuyeyusha kikombe cha altare ikiwa tumaini lako limo ndani ya kikombe.

Hata hivyo, hatutamtendea haki tukiuruka mwaka 411. Baada ya mjadala wa Karthago kati ya Wakatoliki na Wadonati, Wakristo wa Afrika waliojitenga nao, dola iliwabana Wadonati kwa faini na kutaifisha makanisa yao, naye Augustino akayatetea mabavu hayo kama dawa ya kuwarudisha kundini. Naliona hilo kuwa kosa zito, tena kosa la aina ileile aliyoikemea: aliutegemea upanga wa Kaisari kwa kazi ya Roho. Fundisho lake linamhukumu yeye mwenyewe, na linabaki kuwa kweli.

Wavandali walipoivamia Afrika, askofu Honoratus alimwuliza kama makasisi waruhusiwe kukimbia. Augustino alijibu kwamba, watu wakibaki, mchungaji hana ruhusa ya kuwaacha bila ubatizo, ekaristi na faraja. Na ikibidi baadhi ya makasisi waondoke ili kanisa lisikose wahudumu baadaye, wapige kura. Yeye alibaki Hippo, akafa tarehe 28 Agosti 430, mji ukiwa katika mwezi wa tatu wa kuzingirwa.