Walivukaje? Reli, Ulalo na Vivuko vya Katavi

Mpanda, mkoani Katavi, ni mji ambao reli iliukuta mdogo ikaukuza. Ukitoka mjini kwa njia yoyote hukawii kuingia kwenye miombo, na ukiendelea na safari utakutana na maji: Mto Katuma ukielekea kusini, Koga ukishika barabara ya Tabora, Ugalla ukifuata reli kwenda Kaliua. Mpenda mambo ya kale huja akitarajia daraja la mawe lenye matao, limefunikwa na majani porini. Huku urithi wa kuvuka una sura nyingine, na hautambuliki upesi kwa sababu sehemu yake kubwa ilijengwa kwa miti na magome.

Sababu ya kwanza ni mito yenyewe. Tao la mawe linataka kingo mbili za mwamba na maji yanayoijua njia yake. Mto Katuma hauna hata kimoja. Mvua za Novemba hadi Aprili zikichanganya, unatapakaa mbugani mpaka Ziwa Katavi na Ziwa Chada yanakuwa maziwa kweli. Ikifika Septemba ni nyasi na nyufa. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Mwashi ambaye angesimamisha nguzo za mawe juu yake bila msingi wa kina angezikuta zimeinama baada ya masika machache.

Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, kama misafara ya Wanyamwezi iliyopita kwao, walikuwa na jawabu: ulalo. Unachagua mti mrefu ukingoni, unaukata uangukie ng'ambo, unalaza mwingine sambamba, kisha unafunga fito juu yake kwa kamba za magome. Miombo hutoa kamba nzuri. Magome yale yale ndiyo yanayotengenezewa mizinga ya nyuki. Mpagazi mwenye mzigo wa frasila 2, karibu kilo 32, alivuka hapo peku, mwenzake akisubiri zamu nyuma yake. Mafuriko yakiuchukua ulalo, hakuna aliyelia. Shoka lipo na miti ipo. Tena msafara wenye kiongozi mjuzi ulipanga kupita kiangazi, mto ukiwa umebaki madimbwi.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alidhani ana dawa ya shida hii. Mwaka 1879, Kapteni Cambier alipokuwa akianzisha kituo Karema kando ya Ziwa Tanganyika, mfalme huyo aligharimia tembo 4 kutoka India. Ng'ombe na farasi walikuwa wakiuawa na mbung'o, na wapagazi walikuwa ghali. Tembo, ilidhaniwa, angebeba mizigo ya watu wengi na kupita tope na mto bila kuuliza daraja liko wapi. Waliteremshwa Msasani, Dar es Salaam, wakaongozwa bara na Frederick Carter. Nisiwe mkali sana, wazo lenyewe halikuwa la kipumbavu. Lakini wengi wa tembo hao walikufa, na mwaka 1880 Carter na mwenzake Cadenhead waliuawa Mpimbwe, ndani ya Katavi ya leo, walipokutwa na vita vya Mtemi Mirambo na washirika wake. Mwaka 1885 Karema ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika. Kwa upande wa kuvuka mito, mambo yakarudi kwenye shoka na magome.

Pori analoliona mgeni leo nalo lisimdanganye. Si lote lililokuwa tupu tangu enzi na enzi. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa hofu ya malale, serikali ya Waingereza iliwatoa watu wengi wa magharibi mwa Tanganyika kwenye vijiji vilivyotawanyika, ikawakusanya katika makazi makubwa yaliyofyekwa ili mbung'o wasiwe na kichaka cha kujificha. Mashamba yaliyoachwa yakarudi kuwa miombo. Kivuko ambacho kijiji kilikitengeneza upya kila baada ya masika hakina mrithi kijiji kikihama, kwa hiyo hata kumbukumbu ya mahali kilipokuwa hufutika pamoja na njia iliyokifikia. Ramani ya vivuko vya kale vya Katavi, kama ingechorwa leo, ingetegemea zaidi vichwa vya wazee wachache kuliko kitu chochote kilichosimama ardhini.

Kisha ikaja reli. Mpanda ina madini ya risasi yaliyochanganyika na fedha, shaba na dhahabu, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ilitaka njia ya kuyafikisha pwani. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914. Kutoka stesheni yake ya Kaliua likachepushwa tawi la kilomita 210 kuelekea kusini, likakamilika mwaka 1950, enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Ni reli ya geji ya mita 1 kama mama yake, na imepita ndani ya pori karibu mwanzo hadi mwisho.

Abiria aliyekaa behewani haioni kazi iliyofanyika humo. Inabidi kushuka na kutazama tuta kwa ubavu. Limeinuliwa juu ya usawa wa mbuga, na penye mkondo pamewekwa kalavati au daraja fupi. Bila hayo tuta lingekuwa ukuta wa bwawa mwezi wa Januari, na tope mwezi wa Machi. Mjenzi wa reli huku hashindani na mto mmoja. Anashindana na bonde zima linalojifanya mto kwa miezi kadhaa, halafu linakauka kana kwamba halikufanya lolote. Masika makali yanaposomba tuta, kokoto huondoka na mataruma hubaki yakining'inia kwenye vyuma, safari zinasimama hadi mafundi wajaze upya. Daraja la Ugalla ndilo linalotajwa na wasafiri, lakini kwa maoni yangu uhodari wa tawi hili uko kwenye yale makalavati yasiyo na jina.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikiwa na miaka 10 tu. Kwa hesabu za mwenye kampuni, kazi yake ilikuwa imekwisha. Ikaendelea kubeba watu, mbao, asali, nta na mazao ya shamba. Wakimbizi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi waliwekwa Katumba, na baadaye wengine Mishamo. Walifyeka, wakalima, na njia iliyojengwa kwa ajili ya risasi ikapata mahindi ya kubeba.

Anayetaka kusimama juu ya daraja na kutazama chini aende Sitalike, kama kilomita 35 kusini mwa Mpanda, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Kuanzia Agosti maji ya Katuma yakipungua, viboko hubanana dimbwini mgongo kwa mgongo hadi hujui tope linaishia wapi na mnyama anaanzia wapi. Harufu hukufikia kwanza. Halafu mmoja anakoroma, wa pili anajibu, na madume mawili yanafungua vinywa na kugongana meno huku tope likiruka. Mamba wamelala kando, hawana haraka. Ndani zaidi, kando ya Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao wenyeji husema ni makao ya Katabi, mwindaji wa kale aliyeiachia nchi hii jina, na watu huacha sadaka chini yake kuomba baraka.

Na daraja la mawe? Lipo, ila ni mwendo mrefu hadi Rungwe, Mkoa wa Mbeya. Daraja la Mungu juu ya Mto Kiwira ni mwamba wa lava iliyotiririka kutoka kwenye volkano, ikapoa, na mto ukapenya chini yake. Si mbali na hapo kuna Kijungu, shimo ambamo mto mzima unatumbukia. Mgeni hupitia eneo la Chuo cha Magereza Kiwira kufika huko. Korongo na mwamba ambavyo Katavi ilinyimwa, Rungwe ilipewa vyote viwili, na fundi hakuhitajika.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo yaliyojengwa na binadamu kabla ya 1863. Kwa Katavi mwaka huo hausaidii kitu. Ulalo wa kabla ya 1863 ulichukuliwa na maji ya masika yaliyofuata, ngome ya Karema ni ya baada ya 1879, na reli ni ya 1950. Sheria hiyo hiyo inampa Waziri uwezo wa kutangaza urithi ulio mchanga zaidi, na sioni kwa nini tawi la Mpanda lisipelekwe mezani kwake. Mpango wa reli ya kisasa kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi bandari ya Karema umekwishatajwa hadharani. Siku matingatinga yatakapofika, madaraja ya 1950 yatakuwa ama yameandikwa kwenye daftari la mambo ya kale, ama yamepimwa kwa kilo kama chuma chakavu.